Vanuatu haina jeshi wala mafuta, sasa inasikilizwa kwa lipi?

Machi 2015 Umoja wa Mataifa uliitisha mkutano mkubwa wa kupunguza madhara ya majanga pale Sendai, Japani, na rais wa Vanuatu wakati huo, Baldwin Lonsdale, alikuwa mmoja wa wageni. Akiwa huko huko ugenini kimbunga Pam kikaipiga nchi yake, daraja la 5, yaani hakuna la juu zaidi ya hapo, simu zikakata, mawasiliano na visiwa vingi yakapotea. Akapanda jukwaani hivyo hivyo, na uchungu wake ulionekana waziwazi, akaiomba dunia isaidie watu wake, na wakati anaongea hakuna aliyekuwa na picha kamili ya kilichotokea kule nyumbani. Baadae hasara ikakadiriwa kufika karibu asilimia 64 ya pato la taifa la mwaka mzima. Usiku mmoja tu.

Naanza na hilo kwasababu watu wengi tunaokutana nao kwenye kazi hii ya elimu ya diplomasia wanauliza swali moja, kwamba nchi yenye watu laki 3 na kitu, visiwa kama 80 vimetawanyika Bahari ya Pasifiki, inapata wapi ujasiri wa kusimama mbele ya mataifa makubwa na kuwaambia mnakosea. Jibu langu ni kwamba Vanuatu ilishajua zamani kuwa silaha yake ni sheria, na kura yake moja pale Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa inayohesabika sawasawa na kura ya Marekani au China, basi imekazana hapo hapo miaka yote bila kuyumba.

Turudi nyuma kidogo ili mjue hii tabia ilitoka wapi. Kabla ya uhuru nchi ile iliitwa New Hebrides na ilitawaliwa na Uingereza na Ufaransa kwa pamoja tangu 1906, na kwa pamoja hapa namaanisha kweli, polisi wa aina mbili, magereza ya aina mbili, shule za Kiingereza huku na za Kifaransa kule, na mwenyeji mwenyewe hana uraia wa upande wowote. Fikiria mtu unaishi kwenye ardhi ya babu zako alafu kisheria huna kwenu! Uhuru ulikuja 30 Julai 1980 na waziri mkuu wa kwanza akawa Walter Lini, padri wa Kianglikana, na mtu aliyekulia kwenye mfumo wa namna ile huwezi kumwambia akae kimya wakubwa wanapogawana dunia. Mwaka 1983 Vanuatu ikajiunga na nchi zisizofungamana na upande wowote wakati majirani zake wengi hata hawakuwa na wazo hilo, ikawatetea Wakanaki, wenyeji wa New Caledonia iliyo chini ya Ufaransa, ikawasemea watu wa Timor Mashariki na Papua Magharibi, ambao wakati huo wote walikuwa chini ya Indonesia, hata pale ambapo kufanya hivo kulikuwa kunaikosanisha na majirani wenye nguvu.

Kwenye nyuklia ndo usiseme. Ufaransa ilikuwa inalipua mabomu ya majaribio kule Moruroa, kisiwa cha Polinesia ya Ufaransa, na iliendelea mpaka Januari 1996, kwa hiyo kwa watu wa Pasifiki hili lilikuwa jambo la bahari wanayovua samaki. Vanuatu ikafunga bandari zake kwa meli za nyuklia, na 1985 nchi za eneo lile zilipoandika mkataba wa Rarotonga wa kuifanya Pasifiki Kusini iwe eneo lisilo na silaha za nyuklia, Vanuatu ikagoma kusaini mwanzoni, na sababu ndo inayonifurahisha mpaka leo, ilisema mkataba wenyewe ni mlaini mno. Ikaja kujiunga baadae miaka ya 90. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kupiga marufuku silaha hizo wa 2017 ikausaini siku ya kwanza kabisa ulipofunguliwa, mwaka uliofuata ikauridhia.

Na amani haikuishia kwenye hotuba. Bougainville, kisiwa cha Papua New Guinea, kilikuwa na vita mbaya kuanzia mwisho wa miaka ya 80, na risasi ziliponyamaza ikahitajika timu ya kusimamia utulivu. Walioenda walitoka Australia, New Zealand, Fiji na Vanuatu, na walienda bila silaha. Watu wanaingia kijiji kilichotoka vitani mikono mitupu, wanakaa chini na wazee, wanasikiliza nani kamuumiza nani, Wavanuatu wakiwa na faida moja kwamba pijini yao, yaani lugha ya mchanganyiko, Bislama na ile ya Papua New Guinea zinasikilizana. Makubaliano ya amani yalisainiwa 2001. Hili somo halitajwi vya kutosha kwa maoni yangu.

Sasa tuje kwenye tabianchi maana hapo ndo jina lao limevuma. Mwaka 1991, wakati dunia inaandika mkataba wa kwanza wa mabadiliko ya tabianchi, Vanuatu kwa niaba ya umoja wa visiwa vidogo, AOSIS, ilileta pendekezo la mfuko kama bima, nchi za viwanda zichangie kutokana na utajiri wao na moshi wanaotoa, alafu visiwa vitakavyoliwa na bahari vilipwe. Ikapigwa chini. Wakairudisha kwa sura nyingine, ikapigwa tena, mabalozi wakastaafu wakaja wengine na neno ni lile lile. Novemba 2022 kwenye mkutano wa tabianchi kule Sharm el-Sheikh, Misri, mfuko wa hasara na uharibifu ukakubaliwa hatimaye. Piga hesabu mwenyewe, miaka 31. Pesa zilizoingia mpaka sasa ni kidogo mno ukilinganisha na hasara zenyewe na hilo tuliseme wazi wazi, lakini mlango ambao walikuwa wanaambiwa haupo leo upo.

Katikati ya hapo, 2019, wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, tawi lao la Port Vila, mji mkuu wa Vanuatu, wakapata wazo darasani, kwamba kwanini tusiiulize Mahakama ya Kimataifa ya Haki, nchi zina wajibu gani kisheria kuilinda hali ya hewa ya dunia, na nchi iliyosababisha madhara makubwa inapatwa na nini. Palau ilishajaribu jambo kama hili miaka michache nyuma likakwama. Hapa inabidi nieleze kidogo, mahakama ile haiendi kuulizwa na mtu yeyote tu, ni vyombo vichache tu vya kimataifa, mojawapo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ndo vina ruhusa ya kuomba ushauri wa namna hiyo, kwa hiyo unahitaji kura, na ili upate kura unahitaji marafiki wa kila bara. Vanuatu ikakusanya kundi la nchi 18, na humo ndani wamo Uganda, Msumbiji, Angola na Sierra Leone, pia Ujerumani, Bangladesh, Costa Rica, wakakaa miezi na miezi kubishana neno kwa neno maswali yaandikwe vipi ili asije mtu akayakataa. Tarehe 29 Machi 2023 azimio likapita bila hata kupigiwa kura, hakuna aliyeinua mkono kupinga, na nchi zilizolidhamini zilikuwa zaidi ya 130.

Desemba 2024 kesi ikasikilizwa The Hague, Uholanzi, mahakama ile ilipo, nchi 96 na mashirika 11 ya kimataifa wakapanda kuongea, na Vanuatu ndo ilifungua dimba. Tarehe 23 Julai 2025 majaji wote 15 kwa sauti moja wakasema nchi zina wajibu kisheria, sio hisani, kuzuia madhara makubwa kwa mfumo wa hali ya hewa, na kwamba nchi ikishindwa kuchukua hatua zinazostahili, ikiwemo kutoa vibali vya kuchimba mafuta au kuyapa ruzuku, inaweza kuhesabika imevunja sheria ya kimataifa, na ikithibitika kuwa hilo ndo lililoleta madhara inaweza kutakiwa kulipa fidia. Ushauri huu haumfungi mtu kama hukumu, lazima niseme hivyo, ila mahakama za nchi mbali mbali zinausoma na mawakili wanaunukuu.

Kuna mambo Vanuatu imeteleza pia na mwanafunzi wa diplomasia ayajue. Biashara ya kuuza pasipoti kwa wageni iliwaletea pesa nyingi za bajeti, lakini Umoja wa Ulaya ukaona hatari ya kiusalama na ukawaondolea kabisa ruhusa ya kuingia bila viza Desemba 2024. Na deni la China kwa ajili ya gati ya Luganville limewapa maswali mengi kutoka Australia, japo wao msimamo wao ni kwamba wanashirikiana na wote na hawachaguliwi rafiki.

Kwenye maendeleo hoja yao ni moja na naikubali kwa moyo wote. Walitakiwa kutoka kwenye kundi la nchi maskini zaidi 2017, Pam ikawarudisha nyuma, wakatoka Desemba 2020, mwaka ule ule ambao kimbunga Harold kilikuwa kimewapiga mwezi wa nne. Kipato cha kila mtu kwenye makaratasi kilikuwa kimepanda, ndiyo. Lakini bustani ya viazi vikuu na ndizi iliyosombwa haionekani kwenye hesabu hiyo, wala paa la shule lililookotwa baharini. Ndo maana visiwa vinataka udhaifu wa nchi mbele ya majanga upimwe pia kabla ya kumnyima mtu mkopo nafuu.

Ile siku ya Julai The Hague waziri wao wa tabianchi Ralph Regenvanu alitoka nje ya jengo akiwa na vijana wale wale wa Pasifiki, sasa wengine ni mawakili kamili, na kabla shangwe hazijaisha alikuwa anawaeleza waandishi kwamba kinachofuata ni kuurudisha ushauri huo Baraza Kuu ili nchi zikubaliane namna ya kuutekeleza.