Kichwa kilichozama: kosa la mfua sarafu wa enzi za Roma

Sarafu ya shaba ya Antiokia, ya wakati wa Kaisari Trajan (98–117), kwa kawaida ina kichwa chake mbele na herufi S C ndani ya shada la majani nyuma. Sasa chukua ambayo nyuma haina shada wala herufi hizo, ila kichwa kilekile kimezama kama kwenye kalibu, kikiangalia upande mwingine. Wengi wakiiona huitupa wakidhani ni bandia. Mimi naithamini kuliko sarafu kumi zisizo na dosari, maana inaonyesha kilichotokea karakanani ndani ya sekunde chache.

Chini ya utawala wa Roma, mamia ya miji ya Ugiriki, Asia Ndogo na Shamu, pamoja na Alexandria huko Misri, ilitoa sarafu zake yenyewe, nyingi zikiwa na maandishi ya Kigiriki. Alexandria ndiyo iliyochelewa kuacha, katika miaka ya 290.

Kazi ilifanywa kwa mkono. Muhuri wenye kichwa cha mtawala ulikazwa kwenye fuawe. Muhuri wa nyuma ulishikwa juu. Kisahani cha shaba kiliwekwa katikati, nyundo ikashuka. Mara chache sarafu iliyokwisha kupigwa ilinasa kwenye muhuri wa juu, fundi asiione, akaweka kisahani kingine na kupiga. Kisahani hicho kilipata kichwa kutoka chini kama kawaida, na kwa juu kikagongwa na ile sarafu iliyonasa, ambayo upande wake uliokuwa wazi ni kichwa vilevile. Kilichoinuka kikachimba shimo. Sarafu iliyopata shimo hilo wataalamu huiita brokeji.

Ndiyo maana karibu kila brokeji ni ya kichwa. Ili shada lizame, sarafu ingepaswa kunasa chini, mahali hasa ambapo fundi anaweka kisahani kinachofuata. Hapo angeiona.

Namna ya kuitambua? Angalia upande wa pili. Sarafu mbili zilizobanwa pamoja kwa jiliwa siku hizi zinaweza kuacha alama iliyozama, lakini upande wa nje hubapika. Katika brokeji ya kweli kichwa kilichoinuka kina nguvu zake zote. Mara nyingine kile kilichozama ni kipana kidogo, kwa sababu sarafu iliyonasa ilizidi kutanuka kwa kila pigo.

Makosa mengine ni ya kawaida zaidi: Kaisari mwenye pua mbili kwa kuwa sarafu ilisogea kati ya pigo na pigo, au kichwa kilichoangukia ukingoni. Yapo pia ya mchongaji wa mihuri, ambaye alipaswa kuchonga kila herufi kinyume na wakati mwingine akasahau. Alexandria walikoandika mwaka wa utawala kwa herufi, IB ikiwa 12, herufi moja ikikosewa sarafu inahamia mwaka mwingine.

Lakini si kila ajabu ni kosa, na hapa wauzaji wanawapotosha watu. Kile kishimo cha katikati kwenye shaba nyingi za majimbo kilitokana na kuandaa kisahani. Chapa ndogo juu ya shingo ya mtawala iligongwa kwa makusudi, baadaye. Na Wayahudi waliomfuata Bar Kokhba kuiasi Roma, mwaka 132 hadi 135, walipiga alama zao juu ya sarafu za Kirumi wakijua wanachofanya. Sura ya Kaisari inayobaki kwa mbali ni ushahidi wa uasi.

Kwenye picha jicho hudanganyika kirahisi, likaona kilichozama kimeinuka. Basi ipige brokeji yako picha mara mbili, mwanga ukitoka kushoto kisha kulia, halafu geuza picha kwenye simu kama kioo. Maandishi yaliyokuwa kinyume yatanyooka, na kama hayajalika utasoma ΚΑΙC: Kaisari.