Pikapu inayomisi ikipakiwa: usinunue koili kabla ya kuihamishia silinda nyingine

Mama mmoja anayepeleka chakula cha ng'ombe Molo aliniletea pikapu yake hapa Nakuru. Ni ya petroli, injini ya lita 2.7, silinda nne, kila plagi (inayotoa cheche ya kuwasha petroli) na koili yake juu (inayoipa umeme wa volti nyingi). Aliinunua ikiwa imeshatumika miaka mingi.

"Fundi, ikiwa tupu haina shida," akaniambia. "Nikishapakia, nikianza kupanda mlima wa Sachangwan, inakohoa, inatetemeka, malori yananipita."

Kabla ya kufika kwangu alikuwa ameshabadilishiwa pampu ya petroli, chujio na koili mbili. Plagi hazikuguswa kwa sababu zilikuwa mpya. Iliniuma, maana hizo ni pesa za magunia mengi, na misi, yaani silinda kushindwa kuchoma petroli yake, ilikuwa palepale.

Nilichomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikatoa msimbo wa P0303. Hiyo tarakimu ya mwisho ni namba ya silinda: ya tatu haichomi sawasawa. Ingetoa P0300 ningejua misi inarukaruka silinda hadi silinda, na hapo ningeanzia kwenye petroli yenyewe au mahali hewa inapovuja kuingia kwenye injini. Lakini P0303 inakwambia wapi, haikwambii kwa nini. Hapo ndipo watu wengi hukimbilia dukani kununua koili.

Mimi huhamisha kwanza. Nilitoa koili ya silinda ya tatu nikaiweka kwenye ya kwanza, na ya kwanza nikaileta kwenye ya tatu. Nikafuta msimbo kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya gari, tukapakia magunia kumi ya kilo 70, tukatoka. Kupima gari la namna hii likiwa limesimama gereji ni kujichosha bure. Ukikanyaga mafuta mlimani, hewa na petroli nyingi huingia kwenye silinda, shinikizo linapanda, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi ili iruke pengo la plagi. Ikipata njia rahisi ya kutorokea, itaifuata. Likiwa tupu barabara ya tambarare, cheche dhaifu bado inatosha.

Tulirudi na P0303 ileile. Koili haina kosa.

Nikahamisha plagi ya tatu hadi silinda ya pili, tukapanda tena. Safari hii ikaja P0302. Misi imefuata plagi, na plagi yenyewe "mpya".

Niliichukua hadi mlangoni penye jua, nikaipangusa kwa kitambaa. Pengo lake lilikuwa sawa, milimita 1.1, na ncha ilikuwa safi. Lakini kwenye kaure, ile sehemu nyeupe inayozuia umeme usitoroke, palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele, umeshuka kutoka juu hadi kwenye chuma cha kushikia spana. Huo ni ufa, na weusi ule ni kaboni iliyoachwa na umeme uliokuwa unapita hapo badala ya kuruka kwenye ncha. Kaure hupasuka hivyo plagi ikianguka sakafuni, au soketi ikiinama wakati wa kukaza. Plagi iliyoanguka mimi siifungi, hata kama inaonekana nzima.

Kisha nikageuza mpira wa koili uliokuwa umekaa juu ya plagi hiyo, nikamulika ndani kwa tochi. Palikuwa na mstari wa kijivu uliolingana kabisa na ule wa kwenye kaure. Tafadhali, angalia hapo kila mara. Ukibadilisha plagi ukauacha mpira ulioungua, umeme utafuata njia ileile na baada ya siku chache mteja atarudi na misi ileile. Nilibadilisha plagi zote nne na mpira ule mmoja. Koili zote zilibaki.

Kama misi isingehama na koili wala plagi, ningeenda kwenye injekta, inayopulizia petroli kwenye injini: kwa nyingi za petroli, multimita husoma kati ya omu 12 na 16, na yenyewe pia unaweza kuihamisha. Baada ya hapo ni kompresheni, yaani shinikizo ndani ya silinda. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimechoka. Isipopanda, shuku vali au gasketi ya hedi. Na kama misi imeanza siku ya kuoshwa injini, tazama maji kwenye visima vya plagi kabla ya yote.

Taa ya injini ikianza kuwakawaka badala ya kuwaka tu, toa mguu kwenye mafuta na usimame. Petroli isiyochomwa inaingia kwenye ekzosi na kuunguza katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi, ambayo bei yake inapita mbali bei ya plagi nne.

Jioni tulipanda tena na mama mwenyewe akiwa kando yangu, magunia yote kumi nyuma. Sachangwan nikaingiza gia ya tatu, nikakanyaga hadi mwisho. Alikuwa ameishika mashine magotini, akanisomea: silinda ya tatu, misi sifuri.