Lazima ukate miti kabla ya kuuza pori?

Kaunti ya Lee, jimbo la Alabama, Marekani, kilipo Chuo Kikuu cha Auburn, utasikia ushauri huu: kata misonobari yote kwanza, kisha uuze ardhi tupu, upate pesa mara mbili. Hesabu hiyo mara nyingi haitoki. Msonobari wa miaka 15 huishia kiwanda cha karatasi kwa bei ya kutupa. Ukifika miaka 30 hivi unapasuliwa mbao, na tani yake hulipa zaidi sana. Tena anayetafuta mahali pa kujenga au kuwinda kulungu hukimbia visiki. Mwite mtaalamu wa misitu apime miti (asiwe wa mnunuzi, tafadhali!). Ukitaka, uza ardhi ubaki na miti, mradi hati itaje muda wa kuivuna.