Kwa nini kamera ya Aktiki hulowa ndani ya meli?

Ukisikia watu wanarekodi filamu kwenye meli ya utafiti katikati ya majira ya baridi ya Aktiki, eneo la Ncha ya Kaskazini, unachohofia kwanza ni baridi ya nje kuua kamera. Kumbe hatari kubwa iko mlangoni, mpiga picha anaporudi ndani kujipasha moto.

Chukua Polarstern, meli ya Ujerumani iliyofungwa kwenye barafu Oktoba 2019 ili ielee nayo katika giza la miezi kadhaa. Nje baridi ilishuka chini ya nyuzi hasi 30. Hewa ya hivyo, hata ikizungukwa na theluji, ni kavu mno: mita moja ya ujazo haibebi hata nusu gramu ya mvuke, ilhali hewa ya nyuzi 30 za joto hubeba takriban gramu 30. Nje, basi, hakuna cha kuilowesha kamera. Ndani watu wanapumua, wanapika, wanaoga, na hewa hujaa mvuke. Hewa hiyo ikigusa chuma kilichopoa, nayo hupoa papo hapo, hushindwa kubeba mvuke wake na kuuachia hapo hapo. Ni kama soda baridi inavyotoka jasho mezani, ila kamera hulowa mpaka ndani, kwenye saketi.

Wapiga picha za harusi wa Mombasa wanalijua hili vizuri. Jioni ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, kitu chochote chenye baridi chini ya nyuzi 25 hivi hushika umande. Toka na kamera kwenye ukumbi wenye kiyoyozi umuwahi bibi harusi garini, lenzi yote inakuwa nyeupe. Unaifuta, na kabla hujakunja kitambaa ukungu umesharudi, kwa sababu kioo bado ni baridi.

Baridi yenyewe nayo ina madhara: betri huishiwa nguvu upesi na nyaya hukakamaa. Lakini betri ikipata joto mfukoni hurudisha sehemu ya nguvu yake. Saketi iliyoingia maji huenda isipone.

Dawa ni mfuko wa plastiki. Toa kadi ya kumbukumbu, kisha ifunge kamera barabara ukiwa bado nje, ndipo uingie. Umande utatua juu ya mfuko. Usiufungue mpaka kamera ipate joto la chumba, na kwa iliyotoka kwenye baridi kali hiyo ni kazi ya saa kadhaa. Mombasa mfuko hufungwa ukumbini, kabla ya kutoka.