Kikomo cha michakato, na kwa nini make clean hugonga mwamba

Kikomo cha michakato ni idadi ya juu kabisa ya michakato (programu zinazoendeshwa) ambayo mtumiaji mmoja anaruhusiwa kuwa nayo kwa wakati mmoja kwenye mashine ya Unix. Andika ulimit -u utakiona: kwingine 1024, kwingine 4096, kwingine makumi ya maelfu. Kimewekwa ili mtu mmoja asiwafungie wenzake mashine nzima.

Wengi hukifahamu siku kinapowakwaza, na huwakwaza mahali pasipotarajiwa, yaani wakati wa kufagia. Umeandika make clean (make ni chombo cha kujenga programu) ili ufute mabaki ya ujenzi uliopita, skrini inajaa mistari, kisha:

make: vfork: Resource temporarily unavailable

Maana yake, mfumo umekataa kuzaa mchakato mpya. Iweje kufuta mafaili tu kumalize michakato 4096? Mara ya kwanza kunipata nilipandisha kikomo maradufu. Kosa likachelewa sekunde chache, likarudi vilevile.

Shida haikuwa kikomo. Make, iliyoandikwa na Stuart Feldman pale Bell Labs mwaka 1976, kwenye miradi mikubwa huingia folda moja moja na kuita make nyingine humo. Kanuni yenyewe huandikwa hivi kwenye Makefile, faili la maagizo ya make:

for d in src lib majaribio; do (cd $$d; $(MAKE) clean); done

Itazame ile nuktamkato baada ya cd $$d. Inasema: ukimaliza kuingia kwenye folda, umeweza au hukuweza, endelea. Sasa mtu amebadilisha jina la folda ya majaribio. Cd inashindwa, lakini make clean inaendeshwa hapohapo ilipo, kwenye folda ya juu. Inasoma Makefile ileile, inafika kwenye majaribio, inashindwa kuingia, inajiita tena. Mzazi hafi, anamsubiri mtoto, na mtoto anamsubiri mjukuu. Kila kizazi kinashikilia michakato miwili au mitatu, make na sheli zake (programu zinazotekeleza amri), kwa hiyo kikomo cha 4096 huisha ndani ya vizazi elfu moja mpaka elfu mbili hivi.

Dalili yake haifichiki ukijua pa kutazama. Make ya GNU huandika namba ya kizazi: make[1], make[2], make[3]. Namba ikipanda hadi mamia huku jina la folda likibaki lilelile, acha kuhangaika na ulimit, fungua Makefile. Weka && (endelea pale tu ulipofaulu) badala ya nuktamkato, au tumia $(MAKE) -C $$d clean, ambayo hukataa papo hapo folda isipokuwepo.

Usijaribu kulikwepa kosa hili kwa sudo, yaani kuendesha amri kama root, msimamizi mkuu wa mashine. Root hafungwi na kikomo hiki, hivyo utakuwa umeondoa breki iliyokuwa inakulinda.

Ukishanasa, bonyeza Ctrl-C kwanza. Ukifungua ps (amri ya kuorodhesha michakato) kwenye terminali nyingine inaweza kugoma, maana ps nayo inahitaji mchakato mpya. Lakini kill (amri ya kuua mchakato) ya bash imo ndani ya sheli yenyewe, haizai kitu, kwa hiyo itafanya kazi mradi una namba ya mchakato. Huna namba? Andika exec ps -u jina lako: ps itachukua nafasi ya sheli, utaiona orodha ikiwa dirisha halijifungi papo hapo, na terminali hiyo utaipoteza.

Pasipo na mzunguko wa aina hii, angalia kama umeandika make -j bila namba, kwa sababu hapo make huanzisha kazi nyingi kadiri inavyoweza. Kumbuka pia kwamba Linux huhesabu nyuzi (mikondo ya kazi ndani ya mchakato mmoja) pamoja na michakato, na huhesabu kwa mtumiaji, si kwa terminali: kivinjari ulichokiacha wazi kimo kwenye hesabu hiyohiyo. Amri ya ps -L -u jina lako | wc -l itakupa makadirio ya karibu. Na ukiwa ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya mashine), ulimit inaweza kuonyesha namba kubwa huku fork (kuzaa mchakato) ikikataliwa, kwani kontena huwa na kikomo chake cha cgroup (utaratibu wa Linux wa kugawia michakato rasilimali) kilichowekwa kutoka nje.