Namba ya NIDA isiwe ufunguo mkuu wa kanzidata yako

Wanaotengeneza mifumo ya SACCOS, shule na zahanati huipenda sana namba ya NIDA, yaani namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania. Kila mtu ana yake, hazifanani, sasa ya nini kubuni nyingine? Wanaifanya ufunguo mkuu (safu inayotambulisha kila rekodi) wa jedwali la wanachama na kuendelea na kazi.

Tatizo la kwanza ni ukubwa wake. Namba hiyo ina tarakimu 20, nane za mwanzo zikiwa mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Safu ya BIGINT, aina ya kuhifadhi namba nzima kubwa, hata isiyopokea hasi, inaishia 18,446,744,073,709,551,615. Aliyezaliwa 1990 amekwishapita hapo. BIGINT ingewatosha waliozaliwa kabla ya 1845, na hao NIDA haikuwahi kuwaandikisha. Kwa hiyo namba hii kwa kawaida huhifadhiwa kama maandishi.

Ukishaweka ufunguo wa maandishi, maktaba za ORM, zile zinazogeuza rekodi za kanzidata kuwa vitu ndani ya programu, huanza vituko. Nyingi hutarajia ufunguo uwe namba inayopandishwa na kanzidata yenyewe. Kwenye Eloquent, ORM ya Laravel ya PHP, usipoandika `$incrementing = false` na `$keyType = 'string'`, rekodi itaingia MySQL salama, lakini ndani ya programu ufunguo utageuka 0. Mkopo utakaouhifadhi mara baada ya hapo utaandikwa kwa jina la mwanachama 0.

Spring Data JPA ya Java nayo ikikuta ufunguo tayari una thamani, na hujaweka `@Version` (alama ya safu ya toleo la rekodi), hudhani rekodi ni ya zamani. Hutuma SELECT (kutafuta) kwanza, ndipo INSERT (kuingiza). Ukipakia wanachama 5,000, hizo ni SELECT 5,000 za bure. Baya zaidi, kama namba hiyo ipo tayari, taarifa za mwenyewe zinafutwa na mpya bila kosa lolote kutokea. Dawa yake ni kutekeleza kiolesura cha `Persistable` na kuieleza mwenyewe ipi ni mpya.

Ila kinachowatesa zaidi makarani ni Django ya Python. Karani amekosea tarakimu moja wakati wa kuandikisha. Kesho yake anairekebisha na kubonyeza hifadhi. Django inatafuta rekodi yenye namba mpya, haioni, inaunda nyingine. Sasa mwanachama ni wawili: mmoja ana namba sahihi na hana akiba, mwingine ana akiba na namba ya uongo.

Na kuna faragha. Ufunguo mkuu husambaa: kwenye anwani za kurasa, kwenye kumbukumbu za seva, kwenye kila jedwali linalorejelea wanachama. Ukiwa namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa ya mtu inasambaa nao, wakati tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Tunashauri ufunguo usio na maana yoyote: BIGINT inayojipandisha, au UUID (kitambulisho kirefu kisichojirudia) toleo la 7, ambayo huanza na muda hivyo rekodi huingia kwa mpangilio. UUID ihifadhiwe kwa baiti 16, si herufi 36, maana InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, hunakili ufunguo mkuu ndani ya kila faharasa nyingine ya jedwali. Namba ya NIDA ikae kwenye safu yake, CHAR(20) yenye UNIQUE (isiyoruhusu namba kujirudia), na vistari viondolewe kabla ya kuhifadhi. Wengine huiandika navyo, wengine bila, na kwa kanzidata hayo ni maandishi mawili tofauti.