Rothschild: hakuna mtoto ndani ya jina hili

Mpwa wangu wa gredi ya sita alirudi kutoka ziara ya shule Ziwa Nakuru akanionyesha daftari lake. Twiga kamchora vizuri. Miguu kuanzia magotini kushuka chini kaiacha nyeupe bila doa hata moja, kana kwamba mnyama kavaa soksi, na hiyo ndiyo alama ya twiga wa aina ile. Pembeni kaandika kwa kalamu nyekundu: "Twiga wa Rothschild. Maana yake mtoto mwekundu."

Nikamuuliza katoa wapi maana hiyo. "Tuliambiwa, mjomba."

Si mara yangu ya kwanza kuisikia. Nimeshaambiwa ni "mtoto mwekundu", nimeshaambiwa ni "mtoto wa Roth", na majuzi kwenye kikundi cha WhatsApp cha ukoo mtu mzima kabisa alituma sauti ya dakika nne akieleza kuwa huyo "mtoto mwekundu" ni jina la siri walilojipa matajiri fulani walipoacha jina lao halisi. Mtoto wa gredi ya sita nitamsahihisha kwa penseli. Kwa hili la pili inabidi niandike.

Rothschild ni jina la ukoo la Wayahudi wa Ujerumani. Lilianzia mji wa Frankfurt katika karne ya 16, na limeundwa kwa maneno mawili ya Kijerumani: rot, yaani -ekundu, na Schild, yaani ngao. Ngao Nyekundu. Maana yake ni hiyo tu, na ingekuwa watu wanalikata neno mahali pake, ningeishia hapa.

Kosa liko kwenye kukata. Msomaji aliyesomeshwa kwa Kiingereza anaona herufi tano za mwisho, c-h-i-l-d, jicho linazikimbilia kwa sababu linazijua, halafu analazimika kumtafutia mtoto huyo baba: Roths. Lakini jina hili halikatwi baada ya s. Linakatwa kabla yake, Roth na schild, kwa sababu katika Kijerumani s, c na h zikifuatana ni sauti moja, ile yetu ya sh. Ushahidi tunao midomoni kila siku. Neno shule tumelipata kwa Wajerumani walipotawala Tanganyika. Kwao huandikwa Schule. Anayeweza kusema shule ameshaweza kusema Schild. Herufi d ikiwa mwisho wa neno Wajerumani huikausha ikasikika kama t, kwa hiyo Frankfurt utasikia "Rot-shilt". Na mtoto kwa Kijerumani ni Kind, neno lisilo na undugu wowote na tunalolizungumzia.

Ni kweli kwamba tawi la ukoo huo lililohamia London hutamka "Roths-chaild", kama majirani zao Waingereza walivyozoea kulisoma. Ni haki yao, jina ni lao. Utamkaji wao haukubadilisha maana, kama vile anayeitwa Yusufu akiitikia "Joseph" kazini hajabadilisha majina ya wazazi wake.

Ile h ya Roth nayo imewasumbua wengi, wakadhani Roth ni mtu. Ni tahajia ya zamani tu. Wajerumani waliandika roth kwa nyekundu, Thal kwa bonde na Thür kwa mlango, hadi mkutano wa tahajia uliofanyika Berlin mwaka 1901 ulipoifuta h hiyo. Leo wanaandika rot, Tal, Tür. Majina ya watu hayakuguswa, kwa hiyo h imebaki kwenye jina la ukoo huku ikiwa imetoweka kwenye rangi yenyewe.

Sasa Schild. Neno hili lina ngeli mbili katika Kijerumani, na hapa ndipo panaponifurahisha. Ukisema der Schild, ni ngao ya kukinga mkuki. Ukisema das Schild, ni kibao, kama kile cha juu ya mlango wa duka. Ngao ya jina letu ilikuwa yote mawili: ilikuwa ngao, na kazi yake ilikuwa ya kibao. Hakuna aliyeibeba vitani. Ilikuwa alama ya nyumba.

Kwa nini nyumba iwe na ngao? Mwaka 1462 Wayahudi wa Frankfurt walilazimishwa kuhamia mtaa mmoja uliopinda kando ya ukuta wa zamani wa mji, ukaitwa Judengasse, yaani kichochoro cha Wayahudi. Urefu wake kama mita 330, upana mita chache tu, na malango yake yalifungwa usiku, Jumapili na sikukuu za Kikristo. Mtaa haukuruhusiwa kupanuka, watu wakazidi kuzaana, nyumba zikagawanywa na kupandishwa ghorofa hadi karne ya 18 walipofika watu wapatao 3,000 mle ndani. Nyumba hazikuwa na namba. Kila moja ilijulikana kwa alama yake: kwa mbuni, kwa jogoo, kwa merikebu, kwa ngao ya rangi fulani.

Mkazi wa Dar es Salaam haoni ajabu hapo. Magomeni Mapipa ni Mapipa, Mwembechai ni Mwembechai, na dereva hakuulizi namba ya nyumba, anakuuliza uko karibu na nini. Tofauti ni kwamba kule Frankfurt alama ilitoka mlangoni ikamwingia mtu. Aliyekaa nyumba ya mbuni, ambaye Kijerumani ni Strauß, akawa Strauss. Wa nyumba ya merikebu akawa Schiff. Na wa nyumba ya ngao nyeusi akawa Schwarzschild, ukoo uliomzaa Karl Schwarzschild, mwanafalaki aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1873 na ambaye hesabu zake za mwaka 1916 ndizo wanafizikia wanazitumia hadi leo kueleza ukubwa wa shimo jeusi angani. Huyo naye nimeshasikia akiitwa "mtoto mweusi". Ngao nyeusi na ngao nyekundu zilikuwa za mtaa mmoja, jamani.

Nyumba ya ngao nyekundu ilijengwa miaka ya 1560 na mtu aliyeitwa Isaak, mwana wa Elchanan. Wajukuu zake waliihama katika karne ya 17 wakaenda nyumba nyingine mtaani humo humo, iliyoitwa Hinterpfanne, kikaango cha nyuma. Kwa desturi ya awali wangepaswa kuitwa kwa kikaango. Lakini jina lilikuwa limeshashika, likahama nao. Hapo ndipo jina la nyumba lilipogeuka jina la ukoo: siku lilipoweza kuondoka bila nyumba.

Mayer Amschel Rothschild, mwenye benki ambaye dunia inamkumbuka, alizaliwa mwaka 1744 kwenye nyumba hiyo ya kikaango. Miaka ya 1780 akanunua nyumba kubwa zaidi, na alama ya nyumba hiyo ilikuwa ngao ya kijani. Kwa hiyo Rothschild maarufu kuliko wote hakuzaliwa chini ya ngao nyekundu na hakufia chini yake. Mkewe, Gutle, alibaki nyumba ya ngao ya kijani hadi alipofariki mwaka 1849, ingawa wanawe walikuwa na uwezo wa kumjengea kasri popote apendapo.

Ndiyo maana ile sauti ya dakika nne ilinikera. Inasema Mayer Amschel alizaliwa akiitwa Bauer, akaona ngao nyekundu mlangoni kwa baba yake, akaamua kujibadilisha. Mlango wa baba yake haukuwa na ngao nyekundu. Na jina Rothschild lilikuwa la ukoo vizazi kadhaa kabla yake. Bauer maana yake ni mkulima, na kwa karne nyingi Wayahudi katika sehemu kubwa ya Ujerumani hawakuruhusiwa hata kumiliki shamba.

Kuna sababu nyingine inayomwondoa "mtoto wa" kwenye jina hili, na Mswahili anaielewa haraka kuliko Mwingereza. Tazama majina ya wana watano wa Mayer: Amschel Mayer aliyebaki Frankfurt, Salomon Mayer wa Vienna, Nathan Mayer wa London, Carl Mayer wa Naples, na James Mayer wa Paris. Mayer hiyo ya katikati ni ya nini? Ni jina la baba. Mayer Amschel mwenyewe ni Mayer wa Amschel. Ni mpangilio ule ule wa Juma Hamisi, ambapo Hamisi ni baba yake Juma. Kwenye fomu zetu tungeliandika jina la pili. Kwa hiyo "mtoto wa fulani" ameshatajwa, na nafasi yake ni ya pili. Nafasi ya tatu wameweka nyumba. Anayetafsiri Rothschild kuwa mtoto wa Roth anampa mtu baba wawili.

Wangapi wanalo leo na wako wapi? Si wengi, lakini ni wengi kuliko ukoo wa benki, na hili ndilo watu hawataki kulisikia. Kati ya mwisho wa karne ya 18 na mapema karne ya 19 serikali za nchi za Kijerumani ziliwalazimisha Wayahudi wote kuwa na jina la ukoo lisilobadilika: dola ya Austria kwa sheria ya 1787, Baden 1809, Prussia 1812, Bavaria 1813. Familia ambazo hazikuwa na undugu zikajikuta na jina moja. Katika vijiji vya Hesse, eneo la Frankfurt, kulikuwa na akina Rothschild ambao hawakuwa na benki wala hawakuwa na hisa kwenye benki ya mtu; Wayahudi wa vijijini kule wengi walikuwa wachuuzi wa ng'ombe na nafaka. Uhamiaji wa karne ya 19 uliwapeleka wengi Marekani, na mateso ya Wanazi yakawafukuza waliosalia au kuwaua. Leo jina utalikuta Marekani, Israeli, Uingereza, Ufaransa, Uswisi na Ujerumani yenyewe. Kurt Rothschild, mchumi aliyezaliwa Vienna mwaka 1914, hakuwa wa ukoo wa benki. Alikimbilia Glasgow mwaka 1938, akarudi Austria baada ya vita, na maisha yake yote aliandika juu ya mishahara na ukosefu wa ajira.

Na kule Frankfurt lilikoanzia, benki ya ukoo ilifungwa mwaka 1901 baada ya mwanamume wa mwisho wa tawi hilo kufariki. Nyumba ya ngao ya kijani iliteketea kwa mabomu mwaka 1944. Misingi ya nyumba chache za Judengasse ilifukuliwa, na tangu 1992 iko ndani ya jumba la makumbusho ambako mtu anaweza kusimama akaona jinsi vyumba vilivyobanana.

Mmoja kwenye kikundi aliniuliza, basi si angalau jina linatuonyesha nani ni Myahudi? Hapana, hata hilo halionyeshi. Maneno yenyewe ni Kijerumani cha kawaida, rangi na ngao. Alfred Rosenberg, mmoja wa wahubiri wakuu wa chuki ya Wanazi dhidi ya Wayahudi, alikuwa na jina ambalo Wayahudi wengi wanalo, mlima wa waridi, na hakuwa Myahudi. Wanazi wenyewe walijua kwamba majina hayatoshi. Kwa amri ya Agosti 1938 waliwalazimisha Wayahudi ambao majina yao ya kwanza hayakuwa kwenye orodha ya serikali waongeze jina Israel kwa wanaume na Sara kwa wanawake, ili karatasi ziwaseme. Utawala uliokuwa na kila sababu ya kutaka kuwatambua watu kwa majina yao ulishindwa. Wa WhatsApp hawawezi.

Turudi kwa twiga. Aliyepewa heshima ile ni Walter Rothschild, kilembwe wa Mayer Amschel, aliyezaliwa mwaka 1868. Ndiye yule yule Lord Rothschild aliyeandikiwa barua ya Balfour, waziri wa Uingereza, ya kuunga mkono makao ya Wayahudi Palestina mwaka 1917, ila moyo wake ulikuwa kwa wanyama; alijenga makumbusho ya viumbe huko Tring, Uingereza, na kuendesha gari la kukokotwa na punda milia jijini London. Mwaka 1903 mwanazuolojia Richard Lydekker alimpa twiga wetu jina la kisayansi lenye rothschildi ndani yake. Wengine humwita twiga wa Baringo, na wataalamu wengi siku hizi wanamhesabu pamoja na twiga wa Nubia, kwa hiyo huenda wajukuu wa mpwa wangu watalisoma jina hili kwenye vitabu vya zamani tu.

Nilimfutia "mtoto mwekundu" kwa raba, naye akaandika mwenyewe "Ngao Nyekundu", kisha akachora kingao kidogo juu ya mlango. Na wewe ukienda Nakuru, au Murchison Falls upande wa Uganda, ukamsikia anayewaongoza wageni akitaja mtoto, usimkatize mbele yao. Subiri wapande gari, umwambie kando kwamba ni ngao, inasomwa kwa sh ya shule, na ilikuwa imening'inia mlangoni Frankfurt.